Rayna Jaymes wa Nashville: sauti ndogo, kiti cha malkia. Inawezekanaje?

#1 Kinanda cha Bati
Wakuu, salaam. Nimerudia msimu wa kwanza wa Nashville, ile tamthilia ya Kimarekani ya waimbaji wa mji huo, na kuna jambo halinikai. Tunaambiwa Rayna Jaymes ndiye malkia wa muziki wa country, ameshika kiti miaka na miaka, na Juliette Barnes ni kinda anayemnyemelea. Lakini fumba macho usikilize tu: Juliette anasikika mkubwa, Rayna anasikika kama mtu anayeimba huku anachambua mchele. Fumbua macho, unamwamini yule wa mchele. Kwa nini? Naomba maelezo ya kifundi, "ni kipaji" siitaki.

#2 Mchungulia Dirisha
Rahisi. Connie Britton haimbi. Kuna mwimbaji kalipwa nyuma ya pazia, mama anachezesha mdomo tu.

#3 Santuri45
#2 umechemka mapema. Waigizaji wakuu wa ile tamthilia wanaimba wenyewe: Britton (Rayna), Hayden Panettiere (Juliette), Charles Esten (Deacon, mpiga gita wa Rayna), Clare Bowen (Scarlett), Sam Palladio (Gunnar), Jonathan Jackson (Avery), na wale mabinti wawili, Lennon na Maisy Stella, ambao ni ndugu kwelikweli. Kuchezesha mdomo kupo, ila mtu anachezesha kwa sauti yake mwenyewe aliyoirekodi studio kabla ya siku ya kamera. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Tofauti iliyopo ni kwamba Panettiere alishatoa nyimbo za pop kabla ya 2012, na Esten na Jackson walikuwa wanamuziki tayari. Britton aliingia kama mwigizaji kwanza. Kwa hiyo swali la #1 ni halali: walimfanyaje asikike malkia?

#4 fundi_mitambo
Walimsogeza karibu na maiki. Sitanii.

Maiki za studio za aina inayopokea sauti ya mbele na kukataa ya nyuma zina tabia moja: ukisogea karibu, besi inaongezeka. Kwenye sentimita 30 unasikika kama ulivyo. Kwenye sentimita 5 hadi 8 sauti inapata kifua hata kama kifua chenyewe hakipo. Pia kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inapanda kama desibeli 6, kwa hiyo unaweza kuimba kwa nguvu kidogo sana na bado ukajaa. Mwenye sauti kubwa akifanya hivyo anapasua kila kitu. Mwenye sauti ndogo anageuka siri inayonong'onwa sikioni.

Kinachoharibika: herufi P na B zinapuliza upepo kwenye maiki na kutoa mshindo, "pf". Dawa ni wavu mbele ya maiki, au kuizungusha maiki pembeni kidogo ili pumzi ipite kando. Tatizo la pili, mwimbaji akitikisa kichwa sentimita 3 tu, besi inakuja na kuondoka, wimbo unasikika kama unapanda mashua. Ndiyo maana mtindo huu unahitaji mtu aliyetulia. Mwigizaji wa kamera ametulia kuliko mwimbaji wa jukwaani, amezoea alama aliyowekewa sakafuni.

Muziki wa msimu wa kwanza ulisimamiwa na T Bone Burnett, mume wa Callie Khouri aliyebuni tamthilia. Yule bwana hajazi vyombo: gita, besi, ngoma laini, nafasi tupu nyingi. Ndani ya nafasi tupu sauti ndogo ni kubwa.

#5 Bi Tashtiti
Kumbe malkia wetu ni sentimita tano! 😂

#6 Santuri45
Bi Tashtiti cheka, lakini huko Nashville kwenyewe jambo hilo ni la zamani kuliko wewe na mimi. Jim Reeves alianza na sauti ya juu ya kupaza, mwaka 1957 akashuka chini, akasogea hadi midomo karibu iguse maiki, na wimbo wa "Four Walls" ukatoka. Kuanzia hapo hakurudi tena kule juu. Sauti ile ile ambayo wazee wa Nairobi na Eldoret wanaijua kwa kila mstari ni sauti ya mtu anayeimba kwa upole sentimita chache kutoka kwenye chuma. Rayna ni mjukuu wa mbinu hiyo.

#7 Kwaya_Alto
Nakubaliana nusu na fundi. Nusu ya pili ni ufunguo wa wimbo, yaani umepangwa juu au chini kiasi gani. Kwaya yoyote inajua: alto ukimwimbisha mstari wa soprano atasikika mwizi aliyekamatwa. Chukua nyimbo za Rayna, tafuta noti ya chini kabisa na ya juu kabisa, kisha fanya hivyo hivyo kwa "Telescope" ya Juliette. Kwa sikio langu Rayna anabanwa kwenye eneo dogo la sauti ya kifuani, hapandishwi kichwani. Akifika juu anafika kwa kusukuma kidogo na kuacha, hashikilii noti. Juliette anaachiwa ashikilie, maana kushikilia ndiyo ishara ya "mimi mkubwa".

Jaribio zuri ni "Wrong Song", ile wanayoimba wote wawili. Sikilizeni nani anapewa mstari wa chini pale wanapokutana.

#8 mtu_wa_freti
Dada Alto kaniwahi. Naongeza upande wa gita kwa wanaotaka kumshusha mwimbaji wao. Wimbo uko kwenye C, mwimbaji anataka A. Hiyo ni kushuka nusu-toni 3, yaani hatua 3 ndogo kabisa za mlio. Watu wanakimbilia kapo, kile kibanio kinachofungwa shingoni mwa gita, na kapo HAISHUSHI, inapandisha tu. Unachofanya:

Piga maumbo ya G, weka kapo freti ya 2. G inakuwa A, C inakuwa D, D inakuwa E. Umepata ufunguo wa A na bado una nyuzi za wazi zinazolia.

Kapo iwekwe nyuma ya chuma cha freti, karibu nacho lakini isikae juu yake. Ikiwa mbali katikati ya nafasi, inabidi uikaze sana, na kukaza kunavuta nyuzi zipande, hasa ule mnene wa E. Ikikaa juu ya chuma, nyuzi zinakufa. Na kila ukiweka kapo, tuni upya. Ndiyo, kila mara. Kodi nzuri kwenye gita lisilotuniwa ni kelele.

#9 Bi Tashtiti
Kodi? Nilidhani TRA wamefika hadi kwenye uzi wa muziki.

#10 mtu_wa_freti
Kodi za gita, dada, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, hizi hazina risiti ya EFD.

#11 Nyuki wa Rongai
Mnazunguka tu. Maiki, kapo, ufunguo... Sababu ni uandishi. Nyimbo zilinunuliwa kwa watunzi wa kweli wa mji ule. "If I Didn't Know Better" ya Scarlett na Gunnar imetungwa na John Paul White na Arum Rae. "Undermine" ni ya Kacey Musgraves na Trent Dabbs. Mtunzi wa hivyo anakupa mstari unaobeba mwimbaji. Mpe mtu yeyote mwenye sikio wimbo mzuri, ataaminika.

#12 Kwaya_Alto
Nyuki, "Undermine" anaimba nani? Juliette na Deacon. Hata Juliette alipewa nyimbo nzuri. Kwa hiyo wimbo mzuri hautofautishi mmoja na mwenzake. Bado hujajibu.

#13 Nyuki wa Rongai
Nimekubali robo.

#14 Ukingo wa Fremu
Naona mmesahau kwamba hii ni televisheni. Rayna haaminiki kwa sababu ya anachokifanya yeye, anaaminika kwa sababu ya nyuso zinazomtazama. Hesabuni picha katika wimbo wake na Deacon pale Bluebird, ule ukumbi mdogo wa muziki, "No One Will Ever Love You". Muda mwingi kamera iko kwa Deacon anayemtazama, au kwa mtu mezani asiyemeza mate. Mhariri akikukatia nyuso 4 zilizoganda, hata ukiimba tangazo la sabuni utaonekana malkia. Juliette anakatiwa umati, taa, mikono juu. Umati unasema "maarufu". Uso mmoja unasema "mkweli".

Na mwisho wa sehemu ya kwanza kabisa: Watty White, mlezi wa Rayna kimuziki, anakaa Bluebird, Scarlett na Gunnar wanaanza polepole, yeye anampigia Rayna na kuinua simu hewani ili asikie. Rayna haimbi hata neno. Anasikiliza tu kwenye simu. Pale ndipo alipotawazwa: ameonyeshwa kuwa ana sikio. Tena anayeinua simu ni J.D. Souther, mtunzi wa kweli. Wenye kujua walimtambua.

#15 Santuri45
Hii #14 imeniingia. Na Bluebird ile mnayoiona kwa sehemu kubwa ni ya kuigwa, walijenga nakala yake ndani ya studio. Ya kweli iko kwenye safu ya maduka ya kawaida eneo la Green Hills, ina viti 90 hivi, ilifunguliwa 1982 na Amy Kurland. Waimbaji wanakaa duara katikati ya meza, kila mtunzi na gita lake, na mteja akipiga soga ananyamazishwa. Ukumbi wa watu 90 wanaokaa kimya hauhitaji sauti kubwa. Kwa hiyo sauti ya Rayna ni ya Bluebird na sauti ya Juliette ni ya uwanja. Waandishi walijua wanachofanya.

#16 Mchungulia Dirisha
Nimerudi. Sawa, anaimba mwenyewe. Lakini kama ni sauti ya Bluebird, basi tamthilia inadanganya inaposema alikuwa anajaza kumbi kubwa. Huwezi kupeleka sentimita 5 za fundi kwenye ukumbi wa watu 15,000. Kwangu Rayna hajawahi kuaminika kama nyota wa viwanja. Anaaminika kama mama mwenye historia. Hivyo ni viti viwili.

#17 fundi_mitambo
Unaweza kupeleka. Jukwaani mwimbaji anaweka midomo kwenye wavu wa maiki kabisa, mitambo inafanya kazi iliyobaki. Kinachozuia ni mlio wa kurudi: ukiongeza maiki kwa ajili ya sauti ndogo, spika za jukwaani zinaingia tena kwenye maiki na kupiga ule mluzi. Suluhu ni vipokea sauti vya masikioni badala ya spika za miguuni, na mpiga ngoma anayejua kushika mkono. Ngumu ndiyo, haiwezekani hapana.

#18 Mchungulia Dirisha
Haya, nimeweka akiba.

#19 Kinanda cha Bati
Asanteni, naona maelezo manne na kila moja linamla mwenzake. Swali dogo kwa fundi: kama sauti ilirekodiwa studio kabla, kwa nini midomo inaendana vizuri hivyo? Tamthilia zetu nyingi mdomo unafika mapema kuliko sauti.

#20 fundi_mitambo
Hatua, kwa kifupi kadiri ninavyoweza:

Wimbo unarekodiwa na kuchanganywa kwanza. Siku ya kupiga picha unachezwa kwa alama ya muda inayofanana na ya kamera, ili mhariri baadaye aweke sauti ya studio palepale. Mwigizaji HANYAMAZI akatikisa midomo. Anaimba kwa nguvu zake zote juu ya sauti yake. Akinyamaza koo halitikisiki, misuli ya shingo imelala, pumzi haionekani, na mtazamaji anahisi uongo hata asipojua unatoka wapi.

Kosa linalowaumbua wengi ni umbali. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde. Spika ikiwa mita 10 kutoka kwa mwimbaji, anasikia kwa kuchelewa sekunde 0.029 hivi. Fremu moja ya fremu 24 kwa sekunde ni 0.042. Bado uko ndani. Spika ikiwa mita 30, umechelewa fremu 2 na zaidi, na hapo mdomo unaanza kuonekana. Dawa: kisikizio kidogo sikioni, au spika ndogo karibu na miguu nje ya picha. Tamthilia nyingi zinaweka spika moja kubwa pembeni ya ukumbi halafu zinamlaumu mwigizaji.

Kosa jingine ni pumzi. Studio mhariri anakata pumzi ili sauti iwe safi, mwigizaji anavuta pumzi mbele ya kamera, na hakuna sauti yake. Wimbo wa picha unatakiwa uachiwe pumzi zake.

#21 Ukingo wa Fremu
Na mikono! Mpiga gita wa skrini akishika C wakati sikio linasikia G, wapiga gita wote duniani wanazima televisheni.

#22 mtu_wa_freti
Hilo linanileta kwenye kero yangu. Napiga pamoja na msimu wa kwanza kwenye diski. Mikono ya Deacon inaonyesha kodi moja, gita langu lililotuniwa sawasawa linapiga kodi ile ile, na HAVIENDANI. Si nusu-toni nzima, si sawa. Iko katikati. Nimebadilisha nyuzi, nimebadilisha programu ya kutunia. Kuna aliyekutana na hili?

#23 Nyuki wa Rongai
Labda walituni chini makusudi. Wengi wanashusha nusu-toni.

#24 mtu_wa_freti
Ingekuwa chini ningeelewa. Iko JUU.

#25 fundi_mitambo
Diski ni ya wapi? Ulaya?

#26 mtu_wa_freti
Imeandikwa PAL.

#27 fundi_mitambo
Basi gita lako ni zima. Tamthilia za Marekani huchakatwa kwa fremu 23.976 kwa sekunde. PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya, unataka 25. Njia rahisi ambayo wengi walitumia ni kuikimbiza picha yote iende 25, na sauti inakimbia nayo. 25 gawa kwa 23.976 ni 1.043. Kasi inapanda kama asilimia 4.3, na mlio unapanda kama nusu-toni 0.7. Kipindi cha dakika 43 kinaisha kwenye dakika 41 na sekunde 14 hivi. Pima muda wa diski yako utaona. Kuna nakala ambazo sauti imerekebishwa isipande, hizo zinakimbia ila mlio uko sawa. Yako haikurekebishwa.

Dawa kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video: weka kasi 0.96. Lakini VLC yenyewe ina mpangilio unaolinda mlio usibadilike ukibadilisha kasi, na kwa kawaida umewashwa. Ingia mipangilio ya sauti, uzime ule wa kunyoosha muda wa sauti, funga programu, fungua tena. Usipouzima utapata picha ya polepole na mlio ule ule mbaya, halafu utakuja hapa kunitukana.

#28 Kwaya_Alto
Nimejifunza kitu leo. Asante fundi.

#29 Santuri45
Wakati anapima, wapiga gita: jifunzeni kuandika kodi kwa namba kama wanavyofanya studio za kule, hata wimbo ukipanda au ukishuka karatasi haibadiliki. Ufunguo ukiwa G: 1 ni G, 4 ni C, 5 ni D, 6 ni E. Mwimbaji akisema "shusheni hadi F", hakuna anayeandika upya. 1 inakuwa F, basi.

#30 mtu_wa_freti
Rekebisho: 6 kwenye G ni E maina, na inaandikwa na kistari, 6-. Ukiandika 6 tupu, mpiga kinanda atapiga E meja na wimbo utageuka taarabu ghafla. Namba mbili zikipigiwa mstari chini zinagawana kipimo kimoja. Namba ndani ya umbo la almasi, unapiga mara moja na kuacha ilie.

#31 Santuri45
Sawa, nimekosea, kistari kilidondoka.

#32 Kwaya_Alto
Hii si ni solfa yetu tu! "Doh ni G", tunaimba. Kesho "Doh ni F", karatasi ile ile.

#33 Santuri45
Hujakosea hata kidogo. Aliyeanzisha zile namba ni Neal Matthews wa kikundi cha Jordanaires, mwishoni mwa miaka ya 1950, na wazo lilitoka kwenye vitabu vya nyimbo za kanisa vyenye noti za maumbo, ambavyo ni ndugu wa karibu wa solfa. Charlie McCoy ndiye aliyezieneza kwa wapigaji wa studio. Kikao cha kawaida cha kurekodi kule ni saa 3, na wapigaji wazuri wanatoa nyimbo 3 au 4. Bila namba wasingeweza.

#34 Dada wa Ukonga
Nimesoma kurasa zote. Hakuna aliyeuliza kwa nini waandishi walimpiga risasi Rayna msimu wa nne. Malkia hauawi hivyo.

#35 Ukingo wa Fremu
Dada, makosa matatu kwenye sentensi mbili 😅 Hakupigwa risasi. Alivamiwa ofisini kwenye lebo yake ya kurekodi muziki, Highway 65, akatoka salama, kisha gari la polisi lililombeba likagongwa. Alifia hospitalini. Na ni msimu wa TANO, sehemu ya 9, Februari 2017. Kituo cha televisheni cha ABC kilishaiacha tamthilia Mei 2016 baada ya misimu minne, kituo kingine, CMT, kikaiokota.

#36 Dada wa Ukonga
Makosa mawili, la tatu liko wapi?

#37 Ukingo wa Fremu
"Malkia hauawi hivyo". Country yote ni ajali za barabarani na za ndege. Patsy Cline, Jim Reeves, wote walikufa kwa ndege. Waandishi walifuata mila. Hata jina la sehemu hiyo walilichukua kwenye wimbo wa Garth Brooks, kama vile sehemu nyingi za mwanzo zilivyochukua majina ya nyimbo za Hank Williams.

#38 Nyuki wa Rongai
Hapana. Ni pesa. Kituo kidogo, mwigizaji ghali. Mtoe.

#39 Santuri45
Au waongozaji wapya. Msimu wa tano waliingia Marshall Herskovitz na Ed Zwick, na mtu mpya akiingia nyumba ya mtu anahamisha makochi. Au mwigizaji alichoka. Vyote vinne vinawezekana, na tamthilia iliendelea hadi Julai 2018, sehemu 124 kwa jumla, bila yeye.

#40 Bi Tashtiti
Bila yeye nilikuwa naangalia kwa jicho moja, la pili kwenye sufuria.

#41 Mchungulia Dirisha
Turudi kwenye kiti cha malkia. Mwanzo kabisa lebo ya Edgehill inamwambia albamu haiendi, tiketi hazinunuliwi, aungane na ziara ya Juliette, na kiukweli awe wa kumfungulia pazia. Anakataa. Kama angekuwa malkia kweli angeishi kwa redio, nyimbo za zamani zinapigwa kila siku.

#42 Santuri45
Hapa hapana. Redio za kawaida za Marekani humlipa mtunzi wimbo unapopigwa. Mwimbaji halipwi. Rayna akiimba wimbo wa mtu mwingine, redio ikaupiga mara elfu, yeye anapata umaarufu na mtunzi anapata hundi. Ndiyo maana ziara ilikuwa roho yake.

Na mtunzi naye asionewe wivu. Mwaka 2012 kiwango cha kisheria kilikuwa senti 9.1 za dola kwa kila nakala ya wimbo inayouzwa. Nakala 100,000 ni dola 9,100. Mkiwa watunzi wawili na kila mmoja ana mchapishaji anayechukua nusu, unabaki na dola 2,275. Gita zuri moja, ukibahatika.

#43 Kwaya_Alto
Na zaidi ya malipo, nafasi yenyewe redioni kwa mwanamke ni finyu. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio za country alisema hadharani kuwa wanawake ni nyanya tu kwenye saladi, wasizidi, na wasipigwe wawili mfululizo. Kelele zikapigwa. Ukijua hilo, ugomvi wa Rayna na Juliette unauona vingine: kulikuwa na kiti kimoja, si viwili. Kwangu hii ndiyo inayomfanya aaminike. Hapigani na binti. Anapigania nyanya ya mwisho.

#44 Bi Tashtiti
Nyanya ya mwisho! Naomba liwe jina la uzi.

#45 Nyuki wa Rongai
Rayna ni Reba McEntire, yule nyota wa country, nywele nyekundu zinatosha kuwa ushahidi.

#46 Santuri45
Reba ni binti wa mfuga ng'ombe wa Oklahoma. Rayna ametoka Belle Meade, mtaa wa matajiri, baba yake Lamar Wyatt anauendesha mji. Kwa nywele nyekundu, sauti ya chini na kuzaliwa kwenye nyumba yenye jina, Bonnie Raitt yuko karibu zaidi. Lakini huyo si wa country kamili. Kwa hiyo si yeyote kati yao, nywele peke yake hazitoshi mahakamani.

#47 Nyuki wa Rongai
Mnaleta Wamarekani tu. Sisi Bonde la Ufa tumeijua country kabla ya televisheni. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alirekodi mabinti wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha". Huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country wa Marekani, jina limekunjwa kwenye ulimi, kapewa na miguu ya swala. Hiyo ndiyo sauti ndogo iliyokaa kiti cha malkia.

#48 Ukingo wa Fremu
Na maiki ilikuwa sentimita ngapi, fundi? 😀

#49 fundi_mitambo
Nje, hewani, hakuna ukuta wa kurudisha sauti, lazima ilikuwa karibu. Sijibu zaidi.

#50 mtu_wa_freti
Nimerudi. Kasi 0.96, ule mpangilio nimeuzima. Sehemu ya kwanza ya diski inasoma dakika 41 na sekunde kadhaa, kwa hiyo ni ile ile. G imekaa kwenye G. Deacon na mimi tumepatana.

Ila kuna jingine. Rayna kashuka! Ile sauti nyembamba imeondoka, ana kifua sasa. Kinanda cha Bati, wewe uliangalia nakala gani?

#51 Kinanda cha Bati
...Diski. Nyuma imeandikwa PAL.

#52 Bi Tashtiti
Kurasa tatu, jamani. Kurasa tatu!

#53 Kwaya_Alto
Msishangilie. Juliette naye alipandishwa asilimia 4.3 zile zile, kwenye diski ile ile. Kama mlio ulimpunguza Rayna, kwa nini haukumpunguza Juliette?

#54 fundi_mitambo
Kwa sababu sauti ya Juliette imerundikwa: imerudiwa mara mbili tatu, imebanwa, vyombo vimeijaza pande zote. Rundo ukilipandisha kidogo linabaki rundo. Sauti moja tupu ukiipandisha, kila mtu anasikia.

#55 Ukingo wa Fremu
Au kwa sababu Juliette ulikuwa unamwangalia, Rayna ulikuwa unamsikiliza.

#56 Mchungulia Dirisha
Bati, weka 0.96, fumba macho, sikiliza "Wrong Song" mwanzo hadi mwisho, urudi utuambie nani anachambua mchele.